Madam na Sura ya Nne

Ukipangiwa Madam akusimamie tasnifu, wenzako walikupa pole. Ilikuwa pole ya haraka, kama anayopewa mtu aliyefiwa na mjomba wa mbali, na ndani yake ulisikia shukrani kwamba msiba si wao.

"Umepewa Madam?" rafiki yangu wa darasani aliniuliza. "Aki pole. Mimi nimepewa yule Daktari wa simu. Unamtumia kazi, anakujibu 'sawa.' Hata hafungui."

Sikujua kama nimeonewa au nimependelewa, na mpaka leo sijaamua. Sitaandika hapa Madam alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hakuwahi kuniambia, na sidhani angekubali kuelezwa kwa njia hiyo. Ninachoweza kueleza ni namna alivyosoma, namna alivyokataa, na namna alivyonizuia kuhitimu.

Tawi la chuo chetu pale Makutano lilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Ngazi zilinuka dawa ya kupe. Ofisi yake ilitazama barabara, na chini ya dirisha makanga wa matatu walishinda wakiita abiria wa Nkubu, wa Chuka, wa Embu, huku malori yakipiga honi kutaka nafasi. Wahadhiri wengine walifunga madirisha yao wapate kusikilizana na wanafunzi. Madam alilifungua lake mpaka mwisho, akakuketisha mbele yake, akakuamuru umsomee tasnifu yako kwa sauti.

"Sikusikii. Ongeza."

Unaongeza. Hapo ndipo unapogundua unachosema. Kuna sentensi ambazo haziwezi kusemwa ila kwa kunong'ona. Siku moja nilikuwa napaza sauti, "Kwa kuzingatia mielekeo mbalimbali iliyopo, inaweza kudhaniwa kwamba," na makanga mmoja huko chini akapiga kelele, "Sema ukweli, siste!" Bila shaka alikuwa anabishana na abiria. Madam alicheka hadi akavua miwani. Sentensi ile niliifuta kabla hajaivaa tena.

Peke yake, alisoma kutoka nyuma. Alianza na marejeleo, akaja kwenye viambatisho, halafu matokeo, na utangulizi akaumalizia kama mtu anayekula ganda kwa adabu tu. "Huku mbele mtu anajipamba," alisema. "Nyuma ndiko anakoishi." Alitumia kalamu ya risasi aliyoichonga kwa wembe, na pembeni mwa ukurasa aliandika mambo mawili tu: *Nani alikwambia?* na *Ulikuwa wapi?* Hakuandika "vizuri." Mara moja niliona alama ndogo ya vema kwenye ukurasa wangu. Niliwaonyesha wenzangu wote. Nilipomshukuru alishangaa. Alikuwa anajaribu kama kalamu imechongeka.

Nilimpenda kwa hayo, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kukubali kitu kwa kuambiwa. Nyumbani kwetu Kanja, upande wa Embu, nilikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini mpaka watu wakanihamishia kwa mtu mwingine. Kwa Madam nilidhani nimefika kwa mtu wa aina yangu. Kisha nikaanza kuona nyufa zake, na siwezi kusema sikufurahia kuziona.

Alitaka ushahidi wa kila kitu, lakini alikunywa majani fulani ya kuchemsha, meusi, machungu, kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Nilimuuliza nani alimwambia yanaponya.

"Tumbo langu."

"Hiyo ni sampuli ya mtu mmoja, Madam."

"Ndiyo. Na ndiyo sampuli inayoniuma mimi."

Alitufundisha kwamba cheo si hoja, lakini akiingia darasani na usisimame, aligeuka na kuondoka, na kesho yake mkaja kumwomba msamaha nyote. Jumatatu hadi Ijumaa hakumwachia mtu sentensi. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, aliketi kiti cha mbele na kuitikia amina kwa mahubiri ambayo, kama ningemwandikia mimi, angeyajaza kalamu ya risasi kutoka juu hadi chini. Nilimuuliza mbona huko haulizi.

"Jumapili ni siku yangu ya mapumziko," alisema.

Halafu kulikuwa na jambo la chakula. Kwa desturi yetu vyuoni, siku ya kutetea tasnifu mwanafunzi ndiye anayelisha jopo. Hakuna mahali pameandikwa, lakini kila mtu anajua. Ni kuku, chapati, matunda, soda, na maji ya chupa yenye lebo inayoheshimika. Usipoleta, maswali yanakuwa marefu. Madam alikwenda kwenye kila jopo na mfuko wake: chupa ya chai, na nduma za kuchemsha zimefungwa kwenye kitambaa. Aliviweka mezani palipo na kuku ya watu, akajimiminia, akatafuna polepole akiwatazama wenzake. "Mimi nimekuja kutahini," alisema wakimkaribisha. Kuku ilikuwa inaliwa kwa shida sana siku hizo. Wanafunzi wake waliambiwa wasilete chochote. Wengine walileta kwa woga, naye akawarudishia mbele ya watu wote, jambo ambalo lilikuwa la aibu kuliko njaa ya jopo.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya ndizi. Nilitaka kujua ni nani anayeamua pesa ya ndizi kule Mitunguu, mke au mume. Wazee wanakumbuka wakati ndizi ilikuwa zao la wanawake, kitu cha jikoni, kabla ya malori ya mabroka kuanza kuja na mizani. Nilitengeneza hojaji, nikaenda nyumba kwa nyumba, nikawauliza wanawake. Walinikaribisha vizuri sana. Niliporudi Makutano nilikuwa na jedwali safi kabisa.

Madam alilipitia kwa ncha ya kalamu.

"Hii si data," alisema. "Hii ni harusi."

"Ndivyo walivyosema, Madam."

"Wote wanaamua pamoja?"

"Wote."

"Na wewe ukaamini? Wewe ambaye huamini hata saa ya ukutani?" Akageuza ukurasa. "Mzee alikuwa wapi ulipokuwa unauliza?"

"Karibu."

"Karibu namna gani?"

"Ndiye aliyetuletea viti."

Aliweka kalamu chini. Hakuwa na haja ya kuandika *ulikuwa wapi* siku hiyo.

Nikarudi. Safari hii sikwenda nyumbani kwa mtu. Nilikwenda kando ya barabara, mahali wanawake wanapokusanya mikungu kungoja lori. Hakuna anayepewa kiti huko. Niliwasaidia kubeba, nikajifunza kutandika majani makavu ndizi zisikwaruzike, na utomvu ukaiharibu sketi yangu, maana ukishashika nguo hautoki. Wiki zilipita wakinitania tu. Waliniita Embu. "Embu, kwani chuoni hamna kazi?" "Embu, shika huku, ama degree itavunjika?" Nyumbani nasema Kiembu, na Kimeru nakisikia nusu, kwa hiyo hata matusi niliyapata nusu.

Kisha wakaanza kusema. Mmoja wao nitamwita Mama Kendi, na si jina lake. Alinieleza kwamba mikungu michache huuzwa asubuhi, kabla mume, mwenye shamba, hajafika kusimamia mizani. Broka anajua, dereva anajua. Pesa hiyo ndiyo sukari, ndiyo sare ya shule, ndiyo mchango wa chama cha kina mama. Wenzake wakaongeza yao. Wengine waliificha kwa dada, wengine kwa mama mkwe, ndiyo, mama mkwe mwenyewe.

"Mbona mnaniambia mimi?" niliuliza.

"Wewe utarudi kwenu," Mama Kendi alisema. "Embu utamwambia nani? Ng'ombe?"

Hiyo ndiyo ikawa sura ya nne.

Nilimsomea Madam kwa sauti ya juu, dirisha likiwa wazi kama kawaida. Sikuwa nimefika mbali alipoinuka na kulifunga. Miaka yote ile sikuwahi kuliona limefungwa. Ofisi ikawa ndogo ghafla.

"Toa hiyo sura," alisema.

"Nitoe?"

"Umeandika mama mwenye mapacha, anayeongoza kwaya, anayeuzia pale penye daraja. Umeficha jina. Nani Mitunguu anahitaji jina?"

"Na nani Mitunguu anasoma tasnifu, Madam?"

"Mtoto wake. Mwakani atakuwa hapa hapa, ameketi hapo ulipoketi. Wewe utapata shahada, yeye atapata kipigo. Mimi ni wa huku. Wanaume wa huku nawajua, nimewafundisha, nimeshuhudia wakioa, nimewazika. Wewe umekuja na basi."

"Lakini wewe ndiye uliyenituma!"

"Nilikutuma ukajue. Sikukutuma ukatangaze."

Kuhusu mapacha alikuwa sahihi. Nilikwenda nikafuta mapacha, kwaya na daraja. Nilibadilisha kila kitu ambacho mtu angeweza kukishika kama kamba na kumvuta mwenyewe. Nikarudisha. Alisoma kutoka nyuma, akafika kwenye ukurasa wa sahihi ya msimamizi, akausogeza kando bila kuugusa.

"Bado ipo," alisema.

"Itakuwepo."

"Basi sahihi yangu haitakuwepo."

Bila sahihi yake singeweza kufika mbele ya jopo, na bila jopo hakuna kuhitimu. Kulikuwa na nafasi ya kufundisha katika chuo kimoja kule Embu. Waliniambia wataningoja, lakini kila nilipopiga simu ile sauti ilikuwa inapoa. Na mama yangu alikuwa ameshawatangazia kina mama wote wa kanisa. Siku ya mahafali ilipofika, wenzangu walivaa majoho, yule rafiki yangu wa Daktari wa simu akiwa katikati ya picha, nami nilikuwa nimeketi Kanja nikichambua majani ya chai ya mama niliyoyachuma vibaya.

"Hiyo chapta ni mtoto wako?" mama aliuliza.

"La."

"Mbona basi huwezi kuitoa?"

Kama wanawake wale wangebaki kwenye jedwali wakiamua pamoja na waume zao, basi mimi ningekuwa nimesomea kuandika uongo kwa herufi nzuri. Hilo sikuweza kulieleza kwa Kiembu bila kuonekana nina kiburi. Labda nilikuwa nacho.

Idarani waliniita wakanionea huruma. Mratibu alisema angeweza kunibadilishia msimamizi. "Nikupe Daktari," alisema. "Yule atatia sahihi hata akiwa foleni ya benki. Na huyu mama muhula huu ukiisha anastaafu. Akiondoka na kinyongo chako, utaanza upya."

Nilikataa. Rafiki yangu aliniita mjinga, na kwa hesabu za kawaida alikuwa sahihi. Lakini nilitaka kuipitisha sura ile kwa mtu aliyeisoma na kuichukia. Kuipitisha kwa mtu ambaye hangeifungua ilikuwa sawa na kuitupa.

Badala yake nilirudi barabarani kwa wenye maneno yao. Niliwaambia wazi: mwalimu wangu anaogopa mtapigwa, anataka nifute yote. Walibishana mbele yangu, tena kwa Kimeru cha kasi, nikawa nageuza shingo kama mtu anayetazama mpira. Mmoja, aliyeolewa karibuni, alisema, "Mimi unitoe. Mimi bado." Nikamtoa, kila neno lake, hapo hapo. Mama Kendi alikuwa anacheka.

"Mzee wangu anajua," alisema.

"Anajua?"

"Anajua, na najua anajua. Lakini akiuliza, itabidi aanze kununua sukari mwenyewe. Kwa hivyo haulizi. Andika hilo pia."

Niliandika. Ilinibidi nikubali kwamba lile jedwali la kwanza, ile harusi, halikuwa uongo mtupu. Kulikuwa na namna ya kuamua pamoja ambayo ilikuwa ni mmoja kuuza na mwingine kujifanya anatazama mlima.

Nilipompelekea Madam habari hiyo hakuyumba. "Walikuwa wanakustahi," alisema. "Mtu amekubebea ndizi, utamwambia usiandike? Mwanamke wa huku hatasema hapana mbele ya mgeni. Kuna mambo yanasemwa kwa Kimeru, na kwa mtu wa Kimeru."

"Basi nenda ukawaulize wewe!"

Nilisema kwa sauti aliyonifundisha mwenyewe, na ghorofa nzima ilisikia. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia Madam aende nyanjani. Alisimama akanionyesha mlango. Nilitoka bila kuufunga.

Siku kadhaa zilipita. Kisha Mama Kendi akanipigia simu, sauti yake ikiwa chini kama mtu aliye kanisani.

"Embu, kuja. Mwalimu wako yuko hapa. Amevaa viatu vya Jumapili."

Nilimkuta ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, mwavuli mkononi, katikati ya wanawake waliokuwa na adabu ambayo sijawahi kuiona kwao. Nilisimama upande wa pili wa rundo la mikungu. Walikuwa wameshamsalimu "muga," wameshamuuliza kwake ni wapi, na kwa maswali machache tu, yaliyoulizwa huku wakifunga ndizi, walikuwa wameshajua ameolewa kwa nani, na kwamba binamu ya mume wake ana shamba ng'ambo ya mto. Baada ya hapo hakuna kilichobaki ila heshima.

"Aai, mwalimu," Mama Kendi alikuwa anasema, uso wake safi kama wa mwalimu wa Sunday school, "kwetu mzee ndiye kichwa. Hata mkungu mmoja siwezi kuuza bila yeye. Tunakaa, tunaongea, tunaamua pamoja."

"Pamoja," wenzake waliitikia.

"Pamoja kabisa," alisema yule wa mama mkwe.

Madam alikuwa anaitikia kwa kichwa, na niliona anaamini, na kwamba kuamini kunamuumiza kidogo kwa ajili yangu. Hapo ndipo broka alipotoa kichwa nje ya lori.

"Mama Kendi! Pesa ya ile ya asubuhi nikupee saa hii, ama mzee akienda?"

Wanawake wote waliziangalia ndizi. Sikuwahi kuona ndizi zikiangaliwa kwa makini namna ile.

"Huyo," Mama Kendi alimwambia Madam kwa upole, "ni jua. Jua limempiga. Hajui anaongea na nani."

"Pole yake," Madam alisema.

"Tunamwombea."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa mahiri kiasi hicho. Madam ndiye aliyeanza, mabega kwanza, kisha mwavuli, kisha akavua miwani na kujifuta machozi. Waliendelea kumtazama kwa huruma, kana kwamba jua limempiga yeye pia.

Aliponiona aliinuka, akanivuta pembeni.

"Wamenidanganya," alisema.

"Wote?"

"Wote. Mchana kweupe, nikiwaangalia. Kwa lugha ya mama yangu." Alitazama nyuma, Mama Kendi alikuwa anampungia mkono. "Nimekuja kuwalinda, hao. Umeona mtu wa kulindwa hapo?"

Nilikuwa nimeibeba tasnifu kwenye mkoba, kama nilivyoibeba kila mahali miezi ile. Hakuomba kuisoma tena. Aliiweka juu ya kreti, akatafuta ukurasa wake, akatia sahihi kwa kalamu ya wino ambayo sijui alikuwa ameificha wapi.

"Usifikiri umeshinda," alisema. "Nimeona kwamba wanamchagua wa kumwambia, na hawakunichagua mimi. Hilo peke yake. Kuhusu kipigo bado sijakubali. Ukisikia mmoja wao ameguswa, uje uniambie mwenyewe, usitume mtu."

"Nitakuja."

"Na mbele ya jopo, usitaje kwamba nilifika hapa."

"Nitataja, Madam. Ni ushahidi."

"Nitakataa."

Sura ya nne iko maktabani leo, ikiwa na ukurasa wa yule mzee asiyeuliza. Siku ya kuitetea, mwenyekiti wa jopo aliifunua kwa kidole kimoja na kuuliza swali ambalo nilijua litakuja. Kwa nini uamini maneno ya barabarani na si yale ya nyumbani? Je, kuna mtafiti mwingine yeyote, mzoefu, mwenyeji, anayejua lugha, aliyewahoji wanawake hawa hawa, na akaambiwa nini?

Nilisema yupo. Nilisema Kimeru ni lugha ya mama yake, kwamba alienda mwenyewe akiwa na nia njema, na kwamba hakuambiwa neno moja la kweli.

"Ni nani huyo?" mwenyekiti aliuliza.

Madam alikuwa mwisho wa meza. Hakutikisa kichwa. Alinikazia macho tu, na nilijua kabisa ananiagiza nisimtaje.

Nikamtaja, majina yake yote matatu, kwa sauti ya kufika barabarani.